Tusiwafiche Watoto Wetu Historia Yao

Mwaka 2000, miezi michache kabla ya uchaguzi, tulikuwa tukisomesha historia katika skuli moja hapa Unguja. Siku moja baada ya sala ya alasiri alikuja nyumbani kwetu mama mmoja, mzazi wa mwanafunzi wetu wa kidato cha pili. Tulimkaribisha, akakaa, tukajuliana hali, lakini uso wake haukuwa na raha. Kisha akasema: "Maalim, mwanangu jana amerudi skuli akaniuliza kama ni kweli babu yake mkubwa alikuwa akinunua watu. Mimi sikuwa na la kumjibu. Nakuomba, kwa heshima niliyo nayo kwako, mambo hayo uyaache. Yamekwisha, na waliokuwamo wote wako mbele ya haki."

Haikupita wiki akaja mzee mwengine, baba wa kijana wa darasa hilohilo. Huyu hakukubali kukaa. Alisimama mlangoni akasema: "Maalim, nimesikia umewaambia watoto kuwa mwaka 1964 waliuawa watu wasio na hatia. Mbona husemi waliyofanyiwa wazee wetu kabla ya siku hiyo? Au wataka kuturejeshea mabwana?" Tukamwambia kuwa hayo pia tumeyasema, na kwamba mwanawe anayo kwenye daftari lake. Alituamkia kwaheri akaondoka, na tuliona kuwa hakuridhika.

Basi kwa somo moja tulipata malalamiko mawili. Mmoja alitaka tunyamaze; mwengine alitaka tuseme nusu. Tumeyafikiri sana maneno ya wazazi hawa kwa miaka yote hii, na leo tumeona vyema kuwaeleza wasomaji wetu yale tuliyojifunza, kwani jambo hili si la skuli peke yake. Historia ya kwanza anayoipata mtoto haitoki kitabuni. Huisikia jikoni kwa bibi yake, huisikia barazani wazee wanapokunywa kahawa, na siku hizi huisikia kwenye simu ya mkononi kutoka kwa mtu asiyemjua. Mwalimu huja baadaye, mtoto akiwa amekwisha chagua upande.

Kabla hatujawausia wengine, yatupasa tukiri kosa letu wenyewe.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1995 visiwa vyetu viligawanyika, na kila aliyekuwapo anakumbuka. Watu waliacha kununua dukani kwa jirani kwa sababu ya chama chake. Majirani waliacha kupeana salamu. Hata mazikoni, mahali ambapo Muislamu hatakiwi kuuliza lolote ila saa ya kuchukua jeneza, watu walitazamana vyama. Sisi walimu tuliingiwa na hofu. Tulipofika kwenye sura ya utumwa, na kwenye sura ya zama za siasa kuanzia 1957 hata 1964, tuliwaambia wanafunzi: "Sehemu hii mtaisoma wenyewe nyumbani." Tulidhani ni busara, nayo ilikuwa ni woga uliovaa kanzu ya busara.

Katika darasa la miaka ile walikuwamo vijana wawili waliokaa dawati moja tangu wadogo. Walisoma chuo kimoja, na walihitimu kwa maalim mmoja. Siku moja walipigana uwanjani hata wakatoka damu. Tuliwaita, tukawauliza sababu. Mmoja alikuwa amesikia kwenye baraza ya mtaani kwao kuwa wazee wa mwenzake walikuwa watumwa wasiojua kwao. Mwengine alikuwa amesikia kwenye baraza ya mtaa wa pili kuwa babu wa mwenzake alikuwa muuza watu, na kwamba alistahiki yaliyompata. Tukawauliza: nani aliyesema? Aliyajuaje? Alikuwapo? Hapana hata mmoja aliyeweza kujibu. Walikuwa wamemwagiana damu kwa habari zisizokuwa na mwenyewe.

Mwaka uleule bibi wa mmoja wao alifariki dunia. Tulikwenda mazikoni. Nyumba ya yule kijana wa pili ilikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na mlango wake ulikuwa umefungwa. Bibi yule ndiye aliyekuwa akiwapa wote wawili futari walipokuwa wadogo. Tulipokuwa tukilifuata jeneza tulijiuliza: je, vijana hawa sisi tumewasomesha nini? Tuliwasomesha Mapinduzi ya Ufaransa na viwanda vya Uingereza, wakafanya mtihani wakafaulu. Ya kwao wenyewe tuliwaachia watu wa barazani.

Hapo ndipo tulipoanza kuiuliza dini yetu inasemaje, na tukaona kuwa hoja zote mbili, ya kunyamaza na ya kusema nusu, hazina msingi ndani yake.

Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratun-Nisaa, aya ya 135, tuwe wasimamizi wa haki na tutoe ushahidi kwa ajili Yake, hata kama ushahidi huo ni juu ya nafsi zetu, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Wazazi wametajwa hapo waziwazi. Na katika Suratul-Maida, aya ya 8, ametukataza chuki yetu kwa watu isitupeleke kuacha uadilifu. Aya ya kwanza yamjibu yule mama. Aya ya pili yamjibu yule baba. Anayempenda mzazi wake asimfichie, na anayemchukia adui yake asimzidishie.

Tena tuangalie namna Qur'ani yenyewe ilivyosimulia habari za umma huu. Katika vita vya Uhud, mwaka wa tatu wa Hijra, baadhi ya wapiga mishale waliacha mahali walipowekwa na Mtume (s.a.w.) kwa kutamani ngawira, na Waislamu wakapata hasara kubwa. Wale walikuwa Masahaba, watu bora wa zama zao. Walakini habari yao haikufichwa. Imo katika Surat Aali Imran, inasomwa misikitini mpaka Siku ya Mwisho, pamoja na habari ya kusamehewa kwao. Kadhalika sura ya Abasa imehifadhi lawama aliyopewa Mtume mwenyewe kwa kumkunjia uso yule kipofu aliyekuja kutaka elimu. Ikiwa Mwenyezi Mungu hakuficha haya, sisi ni nani hata tuone babu zetu watukufu mno wasitajwe makosa yao?

Na ipo habari ya Abu Dharr (r.a.). Alipoulizwa kwa nini anamvisha mtumishi wake nguo kama yake mwenyewe, alieleza kwamba siku moja alimtukana mtu kwa mama yake, na Mtume (s.a.w.) akamwambia kuwa yeye ni mtu ambaye ujahili ungalimo ndani yake. Angalia vyema, msomaji wetu. Habari hii tumeipata kutoka kwa Abu Dharr mwenyewe. Aliisimulia aibu yake kwa kinywa chake ili watu wajue alivyojirekebisha. Lau angaliificha, wangalimuona na ile nguo wasijue maana yake.

Tuliporudi darasani mwaka 2000 tulijiwekea masharti matatu, na tukayaandika ubaoni siku ya kwanza. La kwanza: kila habari iwe na mwenyewe. La pili: hapana kusema nusu. La tatu: hapana mtoto atakayebebeshwa mzigo wa aliyekufa.

Sharti la kwanza si geni kwa Muislamu. Wanazuoni wa Hadithi hawakukubali neno kwa kuwa ni tamu, bali waliuliza: umelipokea kwa nani, naye kwa nani, na watu hao walikuwa wakweli na wenye kuhifadhi? Mwanachuoni Ibn Khaldun, aliyezaliwa Tunis mwaka 1332 akafariki Cairo mwaka 1406, aliitia elimu hiyo katika historia ya dunia. Alieleza kuwa uongo huingia katika habari kwa sababu ya ushabiki wa madhehebu, na kwa kumuamini msimulizi bila ya kumchunguza, na kwa kutaka kujipendekeza kwa wakubwa. Tuliwaambia wanafunzi hayo, kisha tukawaambia la pili: Ibn Khaldun huyohuyo aliandika juu ya watu weusi maneno ya dharau yasiyokuwa ya kweli. Kijana mmoja akauliza: "Maalim, sasa tumuache?" Tukamjibu: la, tuchukue mizani yake tumpimie na yeye.

Kisha tukaanza na utumwa. Tuliwaeleza kwamba mwaka 1776 Mfaransa aitwaye Morice aliandikiana mkataba na Sultani wa Kilwa auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Wafaransa katika Bahari ya Hindi. Tuliwaeleza kwamba Wareno walichukua watu kutoka pwani ya Msumbiji wakawapeleka hata Brazil. Halafu tukaja kwetu. Mikarafuu ilipoenea Unguja na Pemba zama za Seyyid Said, aliyefariki mwaka 1856, mashamba yalitaka mikono ya kufanya kazi, na mikono hiyo ilikuwa ya watumwa. Inakadiriwa kwamba katika miaka ya 1860 waliingizwa Unguja watumwa wapatao 20,000 kwa mwaka. Wengine walipelekwa ng'ambo, na wengi walibaki kwenye karafuu zetu.

Nani alihusika? Waarabu wenye mashamba na misafara walihusika, na hili hatukulipunguza. Lakini walihusika pia Waswahili wenye mali, na matajiri wa Kihindi waliokopesha fedha za misafara, na wafanyabiashara wa Kiyao na Kinyamwezi walioleta watu kutoka bara, na wanunuzi wa Ulaya na Marekani waliotaka pembe za ndovu bila ya kuuliza zimebebwa na nani mpaka pwani. Hamed bin Muhammed, aliyejulikana kwa jina la Tippu Tip, aliyefariki hapa Unguja mwaka 1905, aliandika mwenyewe kwa Kiswahili habari za safari zake na vita vyake. Basi hapana haja ya kumsingizia wala kumsafisha, kwani maneno yake yapo.

Tukaja kwenye mwisho wa biashara hiyo. Mwaka 1822 na 1845 ilitiwa mikataba ya kuipunguza. Mwezi wa Juni 1873 Seyyid Barghash alikubali, kwa kushurutishwa na Waingereza, kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1897, zama za Seyyid Hamoud, utumwa ukaondolewa katika sheria ya Unguja na Pemba. Tukawauliza watoto: katika sheria hiyo ya 1897, nani alilipwa fidia? Wote walisema: watumwa. Tukawaambia kwamba fidia walilipwa mabwana. Mtumwa aliyetaka uhuru ilimbidi aende mwenyewe kuuomba mbele ya hukumu, na aoneshe atakaa wapi na atakula kwa kazi gani. Darasa lilinyamaza kimya, watoto wa pande zote.

Hatukuiepuka na mas-ala ya dini. Si kweli kusema kwamba sheria za zamani za Waislamu hazikuwa na mlango wa utumwa. Ulikuwapo, kama ulivyokuwapo katika sheria za mataifa mengine, na hata watu wa dini walimiliki watumwa. Lakini dini hiyohiyo ilifanya kumuacha mtumwa huru kuwa kafara ya madhambi na ibada kubwa, na Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa miongoni mwa watu ambao Mwenyezi Mungu mwenyewe atasimama kuwa mdai wao Siku ya Kiyama ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Sasa wale watoto waliokamatwa usiku vijijini mwao kule Nyasa na Manyema walikuwa nani kama si watu huru? Aliyewaingiza sokoni alivunja amri ya dini aliyodai kuifuata. Twamkosea Mungu tukisema kuwa haya yalikuwa Uislamu, na twamkosea vilevile tukisema hayakufanywa na Waislamu.

Baada ya somo hilo tuliwachukua wanafunzi mpaka Mkunazini, palipokuwa soko la watumwa, ambapo wamisheni wa Kiingereza walianza kujenga kanisa mwaka uleule wa 1873. Huko wageni huoneshwa vyumba viwili vya chini vyenye giza, wakaambiwa kuwa humo walifungiwa watumwa wakingojea kuuzwa. Wapo wanahistoria waliochunguza wakasema kuwa nyumba iliyo juu ya vyumba hivyo ilijengwa na wamisheni baada ya soko kufungwa, kwa hiyo vyumba hivyo haviwezi kuwa vya watumwa. Tulipowaeleza hayo kijana mmoja alifurahi, akasema kwa sauti: "Basi kumbe yote ni uongo!" Tukamsimamisha palepale. Tukamuuliza: kama soko halikuwapo, Seyyid Barghash alifunga nini? Chumba kimoja kikisingiziwa, soko zima halifutiki. Anayetafuta kosa dogo katika maneno ya mwenzake ili alitupe na lile la kweli, huyo hatafuti haki, atafuta pa kujificha.

Zito zaidi ya utumwa lilikuwa zama za siasa, kwa sababu wenyewe wangali hai. Katika miaka ile kila upande ulikuwa na chama chake, na gazeti lake, na historia yake. Mwongozi lilisomwa na watu wa upande mmoja, na Afrika Kwetu likasomwa na watu wa upande wa pili. Upande mmoja uliwasimulia watu ustaarabu na dini iliyokuja kwa majahazi. Upande wa pili uliwasimulia minyororo. Majahazi yalikuwapo, na minyororo ilikuwapo. Kosa lilikuwa kwamba kila mmoja alikata ukurasa wa mwenzake.

Kwa hiyo tuliwaandikia wanafunzi ubaoni mambo mawili, moja kushoto na moja kulia. Kushoto tuliandika: katika uchaguzi wa Julai 1963 chama cha Afro-Shirazi kilipata asilimia 54 ya kura zote, lakini kikapata viti 13 tu katika 31, na serikali ikashikwa na wengine. Kulia tuliandika: katika ghasia za Juni 1961 waliuawa watu 68, karibu wote wakiwa Waarabu, na wengi wao watu wa mashamba wasiokuwa na cheo wala utajiri. Tukawaambia kila mmoja aangalie ni lipi alilolisikia nyumbani kwao, na ni lipi alilolisikia leo mara ya kwanza. Tuliona macho yakihama kutoka upande hadi upande. Hapana mtoto aliyekuwa akiyajua yote mawili. Walikuwa watoto wa kisiwa kimoja, wanaelekea kibla kimoja, na kila mmoja alikuwa na nusu ya ubao.

Kisha tukaja kwenye Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964. Tulisema kuwa walikuwapo watu waliodhulumiwa ardhi na heshima, ambao siku ile waliiona kuwa siku ya kukombolewa, na baadaye wasiokuwa na ardhi wakagawiwa eka tatu tatu. Tukasema kuwa katika siku zile waliuawa maelfu ya watu, wanaume na wanawake na watoto, wengi wao kwa nasaba yao tu wala si kwa tendo walilolitenda, na wengine wakahama wasirudi tena. Tulipofika hapo sauti yetu ilitetemeka, nasi hatuoni haya kulisema.

Tukawapa kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi amuendee mzee mmoja, amuamkie, amuombe ruhusa, amuulize jambo moja tu aliloliona kwa macho yake mwenyewe, si alilolisikia. Kisha aandike jina la msimulizi, na umri wake wakati ule, na mahali alipokuwa. Mzee asiyetaka kusema asilazimishwe.

Msichana mmoja alileta habari ya bibi yake. Mwaka 1964 alikuwa msichana mdogo wa Kiarabu shamba, na yeye na mama yake walifichwa siku tatu chini ya kitanda na jirani mwenye kadi ya Afro-Shirazi, ambaye alikaa mlangoni akiwaambia wenye mapanga kuwa ndani hamna mtu. Kijana mmoja alileta habari aliyopewa na bibi yake, kwamba bibi huyo alilelewa na mwanamke aliyeletwa Unguja akiwa mtoto, hajui jina la kijiji chao ila jina la mto, na kila alipokuwa akitwanga aliimba kwa lugha ambayo hapana aliyeijua nyumbani. Kijana alisoma karatasi yake, akafika hapo akashindwa kuendelea. Aliyemalizia kumsomea alikuwa yule msichana.

Mwenye karatasi hiyo alikuwa mtoto wa yule mzee aliyesimama mlangoni petu. Na msichana alikuwa binti wa yule mama aliyetuomba tunyamaze.

Sasa turudi kwa wazazi hao, kwani siku ile hatukuwajibu vyema.

Mama, umesema yamekwisha. Tunajua kuwa hofu yako ni mapenzi. Hutaki mwanao aone haya kwa asilolifanya. Lakini Mwenyezi Mungu amekwisha kumuondolea haya hiyo. Katika Suratul-Baqara, aya ya 134, ametuambia juu ya watu waliotangulia kuwa wana yao waliyoyachuma, nasi tuna yetu, wala hatutaulizwa waliyokuwa wakiyatenda. Wengi huisoma aya hii kuwa ni amri ya kunyamaza, nasi tulikuwa tukiisoma hivyo. Lakini Qur'ani hiyohiyo imejaa habari za waliotangulia, wema wao na wabaya wao, na ikatutaka tuzingatie. Aya imetuondolea hukumu, haikutuondolea kujua. Bali kwa kuwa imetuondolea hukumu ndiyo maana twaweza kujua bila ya hofu. Anayeficha kosa la babu yake hufanya kama mtu anayeogopa kulipishwa, na sisi hatuna deni hilo. Mwanao akijua kuwa mzigo si wake, ataweza kuutazama, na akiutazama hatakuja kuubeba tena kwa mikono yake.

Nawe mzee wetu, umesema kwa nini tunataja waliouawa. Dhulma waliyofanyiwa wazee wako tumeitaja na tutaitaja. Lakini Mtume (s.a.w.) ametufunza tumsaidie ndugu yetu akiwa amedhulumiwa na akiwa ni dhalimu, na akaeleza kuwa dhalimu husaidiwa kwa kuzuiwa dhulma yake. Wazee wako hawahitaji tuwafanye malaika ndipo haki yao ithibiti. Aliyepokonywa ardhi alidhulumiwa, na mtoto aliyeuawa kwa sababu ya jina la babu yake alidhulumiwa. Dhulma mbili hazifanyi haki moja, wala ya kwanza haiifuti ya pili.

Tunajua kuwa maneno haya hayakutosha kuzuia yaliyofuata. Mwezi wa Januari 2001 damu ilimwagika tena visiwani, na wengine wakakimbilia Shimoni kwa ngarawa na mashua. Darasa moja haliwezi kushindana na nchi nzima. Baadaye, mwaka 2009, viongozi walikaa wakapatana, na tarehe 31 Julai 2010 wananchi walipiga kura, na asilimia 66 kati yao wakataka serikali ya umoja. Lakini mapatano ya viongozi yaweza kutiwa sahihi kwa siku moja, ilhali mapatano ya nyumba na nyumba hujengwa kwa miaka, na matofali yake ni habari za kweli.

Kwa hiyo twawausia ndugu zetu wenye nyumba mambo machache. Mkiwasimulia watoto habari za zamani, watajieni mmezipata kwa nani. Msisimulie kwa hasira, kwani mtoto huihifadhi hasira kabla ya habari. Mkitaja ubaya wa wenzenu, tajeni na wema wao mnaoujua. Na mkitaja wema wa jamaa zenu, msiruke ubaya wao. Jambo likiletwa kwenye simu na mtu asiyejulikana, kumbukeni Suratul-Hujurat, aya ya 6, inayotuamrisha tuchunguze habari ya mtu fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Na wazee mlio hai, mlioyaona kwa macho, semeni kabla hamjaondoka. Mkinyamaza, watasema wasiokuwapo.

Wale vijana wawili wa dawati moja sasa ni watu wazima wenye watoto. Twawaona siku ya Ijumaa, mmoja huswali safu za mbele na mwengine karibu na mlango. Hutoleana salamu. Zaidi ya hapo hatujaona, na kila tukiwaona twakumbuka ule ukurasa tuliowaambia wakausome nyumbani. Hatusemi kuwa ukurasa huo ungaliwazuia kupigana. Twasema kuwa ulikuwa amana mikononi mwetu, na hatukuwapa.

Twamuomba Mwenyezi Mungu atusamehe kwa tuliyoyaficha, aturuzuku ulimi wa haki juu ya nafsi zetu kabla ya kuwa juu ya wengine, na awarehemu waliotangulia wote, waliodhulumu wakatubu, na waliodhulumiwa wakasubiri. Amin.